Makangaga Kando ya Mtaro

Mimi ni muuza miwani mjini Kisii. Kazi hiyo imenifundisha kwamba mtu asipoona kitu, shida iko machoni pake na dawa yake ni kioo. Kwa hiyo naomba nieleweke ninaposema kwamba mambo ya makangaga sikuyaona. Yalipita mbele yangu mchana kweupe, Jumamosi baada ya Jumamosi, nami nimevaa miwani yangu mwenyewe.

Kangaga, kwa asiyelijua kwa jina, ni ule mmea wenye majani marefu yaliyochanika kama chanuo, unaoota penye unyevu na kivuli, kando ya mito na chini ya miti mikubwa. Hauna ua wala tunda. Kwetu Nyamira, upande wa Magwagwa, hakuna anayeupanda. Ukiota kwenye shamba la chai unang'olewa. Ukiota karibu na chemchemi, wanawake wanaukanyaga wakienda kuteka maji. Mimi niliupenda tangu utotoni kwa sababu moja: jani lake jipya huzaliwa likiwa limejikunja kama jongoo aliyeguswa, kisha hujikunjua polepole, bila kumjali mtu. Nilikuwa nikitumwa maji nasimama pale nalitazama, mpaka mama anaanza kuniita kwa sauti ya kugombeza.

Nilipofikia umri wa kujitafutia mambo ya kujiliwaza, nikalikumbuka. Nyumba ninayopanga mjini ina uchochoro nyuma ya jikoni, katikati ya ukuta na tangi la maji, ambapo jua halijawahi kufika. Nikasema, kama kuna kitu kinachopenda giza na unyevu, basi hapa kitakuwa peponi. Nikachimba shina moja kule chemchemini na udongo wake, nikalibeba ndani ya beseni hadi mjini, nikalipanda.

Likafa. Nililimwagilia maji, likaonekana kuchoka. Nikaongeza maji, likaoza. La pili nikalinyima maji ili nisirudie makosa, likakauka. La tatu likashika. Likatoa majani manne makubwa, nikawa natembea kwa maringo, mpaka siku nilipogeuza jani moja nikakuta upande wa chini umejaa madoadoa ya kahawia, yamepangana kwa mistari. Nikakata kipande, nikakipeleka agroveti. Kijana wa pale alikigeuza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Hiyo ni kutu, mathe. Ikishika majani inamaliza yote."

Akaniuzia dawa ya ukungu wa nyanya. Nilinyunyiza kama alivyoniagiza. Madoadoa yakabaki palepale, majani ndiyo yakaungua. Baadaye mteja wangu mmoja, mwalimu wa sayansi, aliyekuja kubadilisha fremu, alisikia kilio changu akacheka hadi akavua miwani afute machozi. Akaniambia kangaga halina ua, kwa hiyo huzaa chini ya jani. Yale madoadoa ndiyo mbegu zake, vumbi jembamba linalopeperuka likitafuta penye unyevu.

"Mama," akasema, "wewe ulikuwa unatibu mimba."

Nilicheka naye, lakini nyumbani nilikaa mbele ya lile shina lililoungua nikachukia kila mtu, nikianza na mimi. Ndipo nilipoamua kuacha kuung'ang'aniza mmea wa watu uishi mjini. Nyumbani kwa mama palikuwa na mahali panapoufaa. Chini ya jikoni kwake kuna mtaro unaopeleka maji ya mvua mtoni. Mkuyu mkubwa na migomba vimeufunika, na udongo wake ni mweusi, mwepesi, umejaa majani yaliyooza. Ukiingiza mkono unaupata baridi hata saa sita mchana.

Sasa nieleze hilo boma, maana bila hivyo hakuna litakaloeleweka. Baba yetu alifariki kitambo. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Shamba, kama ilivyo desturi yetu, lilibaki kwa mama na kwa huyo ndugu yangu, ambaye ana mke na wavulana watatu. Ni shamba refu jembamba kama mashamba yote ya kwetu: linaanzia barabarani juu linateremka hadi mtoni, na jirani wa kushoto akikohoa, jirani wa kulia anamwambia pole. Mimi sikuolewa. Sina hadithi ya kueleza kwa nini, wengine hawaolewi. Nina kazi yangu, na kwa mama naenda wikendi.

Jumamosi ya kwanza nilipofika na jembe, mama alitoka na mkongojo wake kuja kuona. Nikamweleza. Akayatazama makangaga kwenye gunia, akanitazama na mimi, kisha akanyoosha mkongojo.

"Anzia hapa kwa mkuyu," akasema. "Uteremke hivi na mtaro mpaka mtoni. Na unyooshe."

Nilidhani anawaza maji yasiingie kwenye mizizi. Nikanyoosha. Nilipanda kila shina nikihakikisha kile kichwa chake, pale majani yanapochipukia, hakizikwi. Nikayatandikia majani makavu ya migomba ili unyevu usitoroke. Wiki iliyofuata nikarudi, nikasogea chini. Iliyofuata tena, nikasogea zaidi. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ukulima, vitu vilikuwa vinaishi. Jongoo wadogo wa kijani walianza kuinua vichwa. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilichuchumaa pale hadi magoti yakagoma.

Adui alikuwa ndama wa mama. Alikuwa akifunguliwa anapita moja kwa moja juu ya makangaga kwenda kunywa maji. Nikawa nahitaji kitu cha kuyakinga. Nina mteja kutoka Tabaka, mchongaji wa mawe, na siku moja nilimweleza shida yangu. Akaniletea magunia mawili ya mabaki ya mawe laini ya kwao, meupe na mengine ya rangi ya waridi, vipande vya sanamu za viboko na vinyago vilivyovunjika kabla ya kukamilika. Niliyapanga kwa mstari upande wa juu wa makangaga, kila jiwe nimelizika nusu ili ndama asilipindue. Nikayaosha. Yaling'aa kwenye kile kivuli mpaka nikaona fahari. Nikapiga picha nikaiweka kwenye simu, watu wote wanaonijua waione.

Kuanzia hapo, mambo yakaanza kunichanganya.

Wifi yangu, mke wa ndugu yangu, alikuwa na kawaida ya kuniita kutoka jikoni kwake nikifika tu: njoo umenye ndizi, njoo ushike mtoto. Jumamosi hiyo hakuniita. Alileta chai hadi sebuleni kwa mama, kwenye vikombe vya kioo, kwa sinia iliyofunikwa kitambaa, akainama kidogo.

"Karibu, mgeni wetu," akasema.

Nilijiona nimepandishwa cheo. Niliinywa ile chai nikijiambia kwamba hatimaye mtu ameona umri wangu akauheshimu. Lakini alipotoka nilimsikia akiwaita watoto waliokuwa wakinikimbilia, akawaambia wakae kwao. Nikajikuna kichwa, nikaendelea kunywa.

Kisha ndugu yangu akaanza kuja kutazama. Hakuwahi kupenda maua hata siku moja. Alikuwa anatembea juu ya mtaro, mikono nyuma, polepole, kuanzia mkuyuni hadi nilipofikia.

"Inaendelea vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri sana."

"Itafika mtoni?"

"Nikijaliwa."

"Na ikifika mtoni, utafanya nini?"

"Nitarudi juu na upande wa pili," nikamwambia kwa uchangamfu, nikimaanisha ng'ambo ya mtaro, ambako pia pana kivuli kizuri. "Nikimaliza patakuwa pazuri, utaona."

Aligeuka, akaenda zake. Nilimwona akipanda kilima na bega moja limeshuka. Nikafikiri labda mgongo unamsumbua.

Siku chache baadaye baba mdogo alinipigia simu kutoka Nyansiongo, alikohamia zamani kufuga ng'ombe. Yeye hapigi simu ovyo. Huipiga kwa misiba na arusi. Nikaipokea haraka.

"Nasikia umepeleka mpimaji kwa mama yako," akasema.

"Mpimaji wa nini? Wa macho?"

"Usinichezee. Jumamosi niko huko. Na wewe uwepo."

Akakata. Nilisimama dukani na simu mkononi sielewi mbele wala nyuma. Nilijaribu kumpigia mama. Akaniambia mtandao unasumbua, ilhali nilimsikia vizuri kabisa.

Jumamosi hiyo nilikuta viti vimepangwa sebuleni kwa mama. Baba mdogo, mzee mmoja wa kanisa, ndugu yangu, wifi amekaa karibu na mlango, na mama kwenye kiti chake akiwa na leso mpya. Mzee wa kanisa aliomba, akamaliza. Nyumbani tunaongea Ekegusii, na tulikuwa tumesalimiana kwa Ekegusii, bwakire, buya mono, kama kawaida. Lakini baba mdogo alikohoa akahamia Kiswahili, lugha ya chifu na ya kesi, na hapo nikajua huo si mchezo.

"Moiseke," akaanza. Neno hilo ni msichana, nami nina mvi zinazohesabika kwa shida, lakini kwake nitakuwa msichana mpaka mwisho. "Umeweka bikoni kwa shamba ya ndugu yako. Nani alikutuma?"

Bikoni ni yale mawe ambayo wapimaji wa ardhi huzika nusu kwenye kona na mipaka ya shamba. Nikayaona mawe yangu akilini. Meupe, yamezikwa nusu, yamenyooka kutoka mkuyuni kuteremka hadi karibu na mto, yamekata shamba la baba sehemu mbili kama mtu anayekata mkate. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti kubwa, na nilicheka peke yangu.

"Ni maua!" nikasema. "Ni makangaga. Mawe ni ya kuzuia ndama."

"Hayo si maua," akasema baba mdogo. "Hayo ni magugu ya mto. Mtu ako na akili zake anatoka Kisii kila Saturday kuja kupanda magugu?"

Kwa jinsi alivyoliweka, hata mimi nisingejiamini. Mzee wa kanisa akaingilia kwa upole, akasema hata yeye, kama ingekuwa kwake, angeuliza. Anayetaka maua hupanda waridi mlangoni. Anayepanda kwa mstari kutoka juu hadi mtoni, tena na mawe, huyo anagawa.

Ndugu yangu alikuwa akitazama mikono yake.

"Dada," akasema, "mimi najua siku hizi sheria inaruhusu wasichana kurithi. Kama unataka, sema unataka. Lakini uniambie hawa watatu nitawaweka wapi. Wakijenga wote, hata mahali pa kupanda sukuma sina."

Nilitegemea hasira, nikakuta hofu. Huyu ndiye mtoto niliyembeba mgongoni. Nikaona aibu, kisha nikakasirika kwa kuona aibu, kwa sababu sikuwa nimefanya kitu. Au nilikuwa nimefanya? Kichwa kilikuwa kimejaa nyuki.

"Nani alichagua hapo mahali?" baba mdogo akauliza. "Kwa shamba yote hii, nani alisema ni hapo, na ni laini moja hivyo?"

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anaokota kitu kwenye leso yake, kitu ambacho mimi sikukiona, anakiokota na kukitupa, anaokota kingine.

"Ni mimi," nikasema.

Baba mdogo akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Ndugu yangu akasimama.

"Basi, kama ni magugu," akasema, "twende ukang'oe. Tukunywe chai, iishe."

Ilikuwa haki. Hata mimi niliona ni haki. Tukateremka wote hadi mtaroni, mama akifuata nyuma na mkongojo. Nikachuchumaa kwenye shina la kwanza, lile la chini ya mkuyu, lililokuwa limeshanenepa. Nikalishika karibu na udongo. Kulikuwa na jani jipya limejikunja katikati, manyoya yake ya kahawia yakinigusa kidole cha gumba. Kulivuta tu ilikuwa kazi ya dakika moja.

Sikulivuta. Nilibaki pale na mkono umelishika, watu wamesimama nyuma yangu, nami najiuliza maswali ambayo sikuwahi kujiuliza. Je, naitaka ardhi hii? Sijawahi kuitaka. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hainijii hata akilini. Sasa kwa nini mkono haufunguki wala hauvuti? Kama ni mmea tu, mingine iko tele chemchemini. Machozi yalinitoka, na hata hayo sikujua yanatoka kwa jambo gani.

"Iache," mama akasema nyuma yangu. Neno moja, kwa Ekegusii.

Baba mdogo alikuwa mtu mzima. Aliona mambo yanakwenda kusikofaa. Akasema mawe yatolewe, na hayo majani tuyamalize wenyewe, mtu na ndugu yake. Tukayang'oa mawe, mimi na ndugu yangu, tukayatia magunia. Mzee wa kanisa akafunga kwa maombi palepale, akishukuru kwa amani.

Kabla sijaondoka niliingia jikoni kwa mama. Alikuwa anapuliza moto.

"Mama, kwa nini uliniambia ninyooshe?"

"Kwani kitu kikipandwa hakinyooshwi?" akanijibu, macho kwenye moto.

Hadi leo sijui kama yule mama alikuwa anamwonyesha binti yake pa kupanda maua, au alikuwa anamkatia shamba kwa mkongojo na kuniachia mimi kesi. Nikimtazama usoni nasoma yote mawili, na miwani haisaidii.

Ndugu yangu alinisindikiza hadi barabarani kungoja pikipiki, amebeba mkungu wa ndizi niliopewa na wifi. Tulipokaribia ua wa juu, akautua mkungu chini.

"Dada, nikuulize kitu na usikasirike?"

"Uliza."

"Wewe tutakuzika wapi?"

Hakuwa ananitisha. Aliuliza kama mtu aliyelibeba swali hilo tangu mbali, na limemchosha. Kwetu mke huzikwa kwa mumewe, na mwana wa kiume huzikwa kwao. Msichana aliyezeeka bila kuolewa hana pake palipopangwa. Siku ikifika watu wanatazamana. Shangazi yetu, dada ya baba, aliyerudi kutoka kwenye ndoa akafia nyumbani, aliwekwa huku juu kabisa, kando ya ua wa barabara, nje kidogo ya mambo. Kaburi lake lilikuwa hatua chache kutoka tuliposimama. Mtu akipita na gari anamtimulia vumbi.

"Hapa," nikasema. Lilitoka kabla sijalifikiria.

"Hapa wapi?"

"Hapa nyumbani."

Akatazama shamba lote chini, chai, paa la nyumba yake, jiko la mama, kile kivuli cha mkuyu. Niliona anapima. Kisha uso wake ukafunguka, kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi, na nikamwona yule mtoto.

"Sikiza," akasema. "Hapo kwa mtaro kijana wa pili atajenga. Lakini hapa juu kuna nafasi. Hamisha maua yako hapa. Panda vile unataka, hata kwa laini. Hakuna mtu atakuuliza kitu."

Akapiga hatua, akachora kwa kiatu kipande cha ardhi kando ya ua, ubavuni mwa shangazi. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, umepasuka. Hapakuwa na mti. Jua lilikuwa limepalalia tangu asubuhi na lilikuwa bado halijamaliza. Kangaga lingefika hapo Jumamosi na kufa kabla ya Jumapili ya pili.

Nilimtazama usoni nijue amenipa nini. Bustani, au lile jingine, au vyote viwili kwa pamoja, na kama naye anajua. Alikuwa anatabasamu, amefurahi kama mtu aliyetafuta kitu cha kumpa dada yake akakipata. Pikipiki ilikuwa inakuja.

"Si patafaa?" akauliza.

Nikamwambia patafaa.